Spoku ya Phoenix

Kihesa, hapa Iringa, inaijua baiskeli kwa kazi. Alfajiri, kabla daladala hazijaanza kugombea abiria, wauza mkaa hupita wakitokea upande wa Nduli, magunia yamefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu kuukuu. Barabara inapoinuka mtu hushuka akasukuma, kifua amekilaza juu ya gunia. Nyuma yao huja wa maziwa na madumu yao. Nyingi ya baiskeli hizo ni Phoenix, zile nyeusi za Kichina ambazo baba huziendesha mpaka mtoto akazirithi. Barabara yenyewe ni ile itokayo Dodoma, inapita Mtera na kupanda milima ya Nyang'oro, na ndiyo iliyotuletea msafara wa Tour d'Afrique, wale waendeshaji wa Cairo hadi Cape Town ambao safari yao ya kwanza ilikuwa mwaka 2003. Zamani, kabla ya lami, walikuwa wakifika kwetu wamegeuka rangi kwa vumbi. Watu walitoka kuwatazama, na wenye Phoenix hawakuwa na habari na nyuso za wageni. Walichutama wakatazama magurudumu, wakahesabu meno ya gia, wakaulizana kama tairi jembamba namna ile linaweza kubeba gunia.

Nadhani hamu ya kwenda mbali ilitupata hapo. Kama mtu anaweza kutoka Misri akapita mbele ya Soko la Kihesa akielekea Afrika Kusini, basi na sisi tunaweza kufika Mbeya, ambayo iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya Tunduma.

Kundi letu halina jina wala katiba. Ni watu wa Kihesa, Semtema na Mtwivila waliozoeana kwa safari za Jumapili. Baada ya ibada tunashuka hadi Kalenga, tunapumzika karibu na makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha tunarudi kabla ya giza. Humo kuna mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, dada mwenye genge la mboga, na kijana wa bodaboda ambaye siku ya mapumziko hataki kusikia sauti ya injini. Mkubwa wetu ni bwana shamba mstaafu, aliyezunguka vijiji vya Iringa kwa baiskeli miaka yote ya kazi yake, na wote tunamwita hivyo hivyo, Bwana Shamba. Yeye ndiye aliyetupa kanuni pekee tuliyo nayo: hakuna kumpita mwenzako aliyesimama.

Tuliondoka Agosti 2024, wakati wa baridi, mashamba yamevunwa na anga safi. Baiskeli yangu ilikuwa ya gia, mtumba wa Ulaya uliopitia Dar es Salaam, fremu nyepesi na meno saba nyuma. Fundi wa Kihesa alikuwa ameipitia yote: gololi zimetiwa grisi mpya, cheni mpya, breki mpya. Tulishuka Ipogolo tukiwa na majaketi, tukavuka Ruaha Mdogo, tukaanza kupanda upande wa pili, na jua lilipotupiga mgongoni majaketi yakaingia mikobani. Mpaka Ifunda safari ilikuwa nyimbo tu. Watoto walitupungia wakiita “Kamwene!”, nasi tukaitikia mpaka koo zikakauka.

Tulipoiacha Ifunda nyuma na kuanza mpando mmoja mrefu, nilisikia mlio chini yangu, mfupi na mkali, kama waya wa zeze uliokatika. Gurudumu la nyuma likaanza kusugua breki kila lilipozunguka.

Inafaa nieleze kilichotokea, maana wengi huona spoku kama vijiti vya kupendezesha. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya gia halina usawa. Upande wa kulia ni lazima liache nafasi ya meno, kwa hiyo spoku za upande huo husimama wima zaidi na hukazwa zaidi kuliko za kushoto. Hizo ndizo zinazobeba shida mtu anapokanyaga pedali kwa nguvu mlimani. Chuma kikichoka, huchokea kwenye kiwiko, pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu. Ikikatika moja, jirani zake hubeba sehemu yake ya mzigo, na hizo nazo huanza kuchoka haraka. Kuweka nyingine kunataka friwili itoke kwanza, kwa sababu meno yanaziba matundu ya habu. Na friwili haitoki kwa spana ya kawaida. Ina chuma chake maalumu, ambacho mafundi wengi wa njiani hawana, kwani baiskeli wanazoletewa kila siku hazikihitaji.

Wote walikuwa wamesimama. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetangulia kusema, tena kwa nia njema kabisa: “Kaka, tusimamishe fuso, upande na baiskeli yako, tukukute Mafinga.”

Mwalimu akauliza, “Halafu sisi tuendelee?”

“Si tutakutana jioni, Mwalimu?”

Bwana Shamba alikuwa ameshainama anaishika ringi. “Magari yatapita hata kesho, mwanangu,” alisema bila kuinua kichwa. “Leo tumetoka pamoja.”

Nakumbuka vizuri nilivyojisikia. Mtu ambaye chombo chake kimekwama hutamani kutoweka. Anaona muda wa wenzake unavyomwagika kwa ajili yake, na kila anayekunywa maji pembeni anamwona kama anayelalamika. Nilikuwa tayari kupanda fuso ili nisiwe mzigo. Ningeondoka kwa heshima zote, na kundi lingefika Mafinga mapema, na tangu siku ile kila mmoja wetu angejua kwamba kanuni ya Bwana Shamba ina bei yake, na bei hiyo ni mpando mmoja tu baada ya Ifunda. Kukataa kuachwa nyuma si jambo la aliyeharibikiwa peke yake. Wale wazima nao hujifunza hapo kama kesho wataachwa.

Basi tukafanya kilichowezekana. Spoku iliyokatika ilizungushiwa jirani yake isije ikaingia kwenye cheni. Breki ya nyuma ilifunguliwa ili ringi izunguke bila kugusa, nikabaki na ya mbele. Mkoba wangu ulihamia kwenye keria ya fundi cherehani, na maji yangu kwa dada wa genge. Nikawekwa katikati ya msafara, Bwana Shamba nyuma yangu na filimbi yake shingoni. Tulifika Mafinga jua likizama, mwendo wa polepole, baridi ya Mufindi ikifanya vidole vya mikono vikatae kufungua vifungo. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukala ugali na maharage, tukalala.

Asubuhi spoku ya pili ilikuwa imekatika. Mafinga ina mafundi wengi, lakini tuliowapata saa ile walikuwa wa pikipiki, na hakuna aliyekuwa na kile chuma cha friwili. Mmoja wao akatuambia tujikongoje mpaka Nyololo, kwenye njia panda ya kwenda Kibao kwenye chai, yupo fundi wa siku nyingi. Tukapita Sao Hill kati ya misonobari na mikaratusi isiyoisha, malori ya magogo yakitupita na harufu ya utomvu. Katika kila mteremko nilishuka nikakokota.

Fundi wa Nyololo anafanya kazi chini ya mti. Vifaa vyake viko ndani ya debe lililokatwa nusu: koleo, nyundo, tupa, spana chache, kopo la solusheni, pampu ya mguu. Karibu naye kulikuwa na fremu za Phoenix zilizochunwa hadi kubaki mifupa, na fungu la spoku limefungwa kwa waya.

“Kamwene, fundi.”

“Kamwene, mnyalukolo. Mmetoka wapi?”

“Kihesa.”

“Mnafika wapi?”

“Mbeya.”

Hakushangaa wala hakucheka. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na siti, akalizungusha gurudumu, akazipitia spoku moja moja kwa kidole, akisikiliza. Zilizolegea zilitoa sauti nene, zilizokazwa kupita kiasi zilitoa sauti nyembamba. Kisha akasema tulichokuwa tunakijua: chuma cha friwili hana, na spoku za kipimo changu hana. Anazo za Phoenix, ndefu kuliko zangu kwa zaidi ya upana wa vidole viwili.

Nilidhani maneno yameishia hapo. Yeye akachomoa spoku moja ya Phoenix, akailaza kando ya spoku yangu nzima, akapima kwa ukucha. Akaikata upande wa kichwa, ule wenye kiwiko, akaubakiza upande wenye uzi wa nipeli. Pale alipokata, akaishika kwa koleo, akaipinda mara moja kuelekea kushoto, akaiacha sehemu fupi, akaipinda tena kuelekea kulia, ikawa na ndoano yenye kona mbili. Ncha akaipiga tupa isikwaruze. Halafu akaiingiza ndoano hiyo kwenye tundu la habu kwa pembeni, kupitia uwazi mdogo uliopo kati ya meno na habu, akaizungusha kidogo kwa kidole gumba mpaka ikajinasa yenyewe. Friwili haikuguswa. Spoku ambayo kichwa chake kingehitaji kupitishwa kwenye tundu kutoka upande wa meno sasa ilikuwa imeningʼinia kwa kona zake mbili, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kushika.

Kijana anayemsaidia alikuwa ameshatoa tairi na tyubu. Wakaweka nipeli za Phoenix, maana uzi wake ndio unaolingana nazo, wakakaza. Ya pili ikafuata. Kwa kunyoosha ringi, fundi alifunga kijiti kwenye fremu kwa uzi wa tyubu, ncha ikielekea ringi, akawa analizungusha gurudumu na kutazama mahali linapokigusa kijiti. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule. Wakati huo wote kundi zima lilikuwa limemzunguka kimya. Fundi cherehani alitazama kama mtu wa ufundi anavyomtazama mwenzake, akauliza maswali mawili tu, yote kuhusu kona ya kwanza.

“Hii itakufikisha,” alisema alipomaliza. “Ukifika mjini, mwenye chuma chake aitoe akuwekee ya kipimo.” Akatuandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, kwamba ikileta shida tumpigie. Alichotudai kilikuwa kidogo mno, tukamwongezea, akapokea kwa mikono miwili.

Nimeliwaza tukio lile mara nyingi kuliko mlima wowote wa safari hiyo. Mwaka 1913, kwenye Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa foku ya mbele akishuka mlima wa Tourmalet. Kanuni zilimkataza kupokea msaada wa mtu yeyote. Alitembea na baiskeli yake zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaifua foku kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wa mashindano wakimtazama. Lakini mikono miwili haitoshi mbele ya tanuri, na mtoto mmoja akamvutia mivukuto. Kwa mivukuto hiyo Christophe aliongezewa dakika 10 za adhabu, zilizopunguzwa baadaye. Watu hukisimulia kisa hicho wakimsifu mtu mmoja shujaa. Mimi humfikiria yule mtoto. Mashindano yenyewe hatimaye yaliiacha kanuni ile. Mwezi mmoja kabla ya safari yetu, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu za Tour de France na kumaliza akiwa na fulana ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na nyuma yake siku zote kulikuwa na gari lenye magurudumu ya akiba. Hakuna aliyesema ushindi wake umepungua kwa sababu ya gari lile.

Sisi gari hatukuwa nalo, ila tulikuwa na fundi chini ya mti, na ninaamini kabisa kwamba nchi yetu inajengwa na watu wa namna hiyo zaidi ya tunavyokiri. Phoenix ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, mpangilio wa zamani wa Kiingereza, mzito na mvumilivu. Kwa kuwa imejaa kila kijiji, vipuri vyake navyo viko kila kijiji, na palipo na vipuri pana fundi, na palipo na fundi pana kijana anayejifunza. Mtandao huo wa matengenezo haukupangwa na wizara yoyote. Ulimea wenyewe kutokana na baiskeli moja ngumu isiyobadilika. Mtu akiniuliza leo anunue baiskeli gani kwa safari ndefu, ninamuuliza kwanza kama fundi wa njia panda anaweza kuitengeneza. Wepesi na gia tunazungumza baadaye.

Kutoka Nyololo mpaka Makambako upepo ulitupiga ubavuni, ule upepo wa huko unaojulikana, na cheni ya Mwalimu ilikatika. Tuliipunguza pingili moja kwa msumari na jiwe, tukaendelea. Baada ya Makambako reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 hadi 1975, inakuja kuandamana na barabara kuelekea Mbeya, na upepo uleule ukahamia mgongoni kwetu. Tukateremka kwa furaha mpaka Igawa, na kila tulipozidi kushuka joto la Usangu lilizidi kupanda. Chimala tulisimama kuitazama njia inayopanda Matamba kuelekea Kitulo, ile inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Dada wa genge alisema siku moja ataipanda. Sina shaka naye.

Jambo moja la barabara ile linaniuma, na nitalisema. Malori yanayokwenda Tunduma na kutoka huko hayana nafasi ya kumpa mwenye baiskeli. Likija moja nyuma na jingine mbele, unayesukumwa nje ya lami ni wewe. Upepo wa lori huanza kwa kukusukuma kando, kisha hukuvuta ndani, na ni ule mvuto wa pili unaoua. Sisi tulikuwa na fulana za kung'aa, filimbi, na mzee wa kutupanga mstari mmoja. Igurusi tuliandamana na mwanaume aliyebeba gunia la mpunga, hana kioo wala taa, ambaye hupita hapo kila siku kwa ajili ya riziki. Kwa ajili yake, na kwa wauza mkaa wa Kihesa, barabara zetu zingepaswa kupimwa upya. Njia pana ya pembeni, ya lami, isiyovamiwa na matuta na vibanda, ingeokoa maisha ya watu ambao hawatakaa waitwe wanamichezo.

Kwenye mlima wa Inyala tairi la kijana wa bodaboda lilipasuka ubavuni, tyubu ikachungulia nje. Alishuka akatutazama, na nikauona usoni mwake ule mtazamo wangu wa Ifunda. Hakuna aliyemkumbusha habari za fuso. Fundi cherehani alitoa mkasi, akakata kipande cha tairi chakavu tulilookota kando ya barabara, tukakiweka kwa ndani kati ya tairi na tyubu, tukajaza upepo nusu. Mimi nilibeba mkoba wake. Gurudumu langu lilikuwa na spoku mbili za Phoenix na lilikuwa limenyooka.

Tuliingia Mbeya kupitia Uyole, tukapita kwenye vumbi la ujenzi wa njia nne za Nsalaga hadi Ifisi, tukasukuma baiskeli zaidi ya kuziendesha. Kesho yake nililipeleka gurudumu kwa fundi mmoja upande wa Mwanjelwa, kijana mwenye duka, ambaye chuma cha friwili kilikuwa kimetundikwa ukutani kwake. Alipofungua meno na kukuta zile ndoano mbili aliacha kazi. Akazitoa taratibu, akaziweka kiganjani, akazigeuza.

“Nani amefanya hii?”

Nikampa kile kipande cha boksi. Alipiga simu palepale. Walisalimiana, wakaulizana habari za kazi, kisha kijana akaingia kwenye alichokitaka: kona ya kwanza unaipima wapi, na ukikata unaacha kiasi gani. Alikuwa amebana simu kwa bega, koleo mkono mmoja na spoku ndefu ya Phoenix mkono mwingine, akifuata maelekezo kutoka Nyololo. Gurudumu langu lilisubiri mezani mpaka walipomaliza.